Sato Wenye Watoto Mdomoni

Naikumbuka siku ile ya bwawa langu kule Ijumbi, mwanangu, ingawa nimechoka kuikumbuka. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha na ugonjwa umeingia, ule tuliouita Juliana kabla hatujalijua jina lake la Ukimwi. Kaka yangu Deo alirudi nao kutoka kwenye biashara za mpakani.

Nilikuwa na bwawa bondeni, chini ya migomba. Nilipandikiza sato, nikajiona bwana samaki mwenyewe. Kila asubuhi Deo aliniuliza akiwa kitandani, "Samaki wamefikia kuvuliwa? Natamani mchuzi wao tu."

Nami nilimjibu, "Bado watoto, waitu, ndugu yangu. Subira yavuta heri."

Nilitaka nimpikie sato wa kujaza sahani, si vijisamaki vya kuaibisha nyumba. Miezi ilipita, samaki wakabaki urefu wa kiganja.

Mzee Ishengoma, aliyezeekea kwenye uvuvi wa visiwa vya Muleba, alikuja kumjulia hali mgonjwa, nikampeleka kuliona bwawa, nikimweleza kwamba samaki bado watoto. Alichota kwa wavu, akatazama mistari ya mkiani. "Ni sato kweli," alisema. Kisha akambinya mmoja taya, na vitoto vikamwagika kiganjani mwake, maana sato jike hulea mdomoni.

"Mtoto gani huyu mwenye watoto?" aliniuliza. " Tazama kichwa kilivyo kikubwa na mgongo ulivyokonda. Hawa ni watu wazima wenye njaa. Wamezaana wakajaa, chakula hakiwatoshi. Hata ukingoja mwaka, watabaki hivihivi. Na yule aliye ndani anakungoja wewe."

Siku hiyohiyo nilivua, mke wangu akapika. Lakini vidonda vilikuwa vimeshajaa kooni mwa Deo. Nilimlowesha midomo kwa mchuzi, akanitazama, hakuweza kumeza. Wiki hiyo tulimzika. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Mwanangu, samaki usimpime kwa urefu peke yake. Mfungue mdomo, mpapase mgongo, ujue umri wake na njaa yake. Na mgonjwa akiomba kidogo, mpe kidogo hichohicho leo, usikingoje kinenepe. Kutoa ni moyo, si utajiri. Mungu akupe macho ya kuona mapema kuliko mimi, na wagonjwa wako wale mkononi mwako wangali wanaweza kumeza.