Sabufa Yangu na Kompyuta ya Mpangaji

Sabufa niliinunua kwa jasho la mawese, na sikupenda mtu aiguse bila kuniuliza. Hata mchungaji wetu alipokuja kuitazama nilimwambia, baba, tazama kwa macho. Lakini yule msichana nilimruhusu.

Alikuwa mpangaji wangu kule Katubuka, chumba cha uani, ukuta wake na wa sebule yangu ni mmoja. Mrundi. Alivuka mpaka na shangazi yake miaka ile watu walipojaa ufukweni Kagunga hadi mahali pa kuweka mguu hapakuwepo, akapelekwa kambini, na kutoka kambini akaja mjini kutafuta maisha. Alikuwa na kompyuta ya kukunja aliyoipata kwenye mafunzo huko kambini. Imejaa nyimbo tele, ila sauti yake ni ya mbu. Mimi sauti ninayo, nyimbo sina.

Aliyetuunganisha ni mdogo wangu wa kiume. Huyu nilimlea mwenyewe tangu mama alipofariki, na wachumba niliwafukuza ili asije akanyanyaswa na shemeji. Basi akabonyeza huku, akabonyeza kule, na yule mwanamke anayekaa ndani ya sabufa akatangaza kwa Kiingereza chake cha puani kwamba blutuu imeshika. Lo! Kompyuta iko chumbani kwa msichana, kwaya inaimba sebuleni kwangu, na waya hakuna. Nikapiga kigelegele.

"Sasa vimeshajuana, dada," mdogo wangu akasema. "Ukiwasha sabufa tu, yenyewe inaitafuta kompyuta."

Jumamosi zetu zikawa hizo. Yeye anafua uani, mimi nachambua dagaa, sabufa inaimba. Mara kwaya ya Kirundi, mara rumba ya ng'ambo ya ziwa. Wimbo ukinikuna namwambia, "Rudia hiyo!" naye anaacha nguo kwenye beseni, anaingia na mikono yenye povu kuurudia. Kiha na Kirundi ni chanda na pete, kwa hiyo hata utani wake niliupata wote. Nilimpenda yule mtoto, nasema wazi.

Mwenyekiti wa mtaa alipopita akiuliza nani anaishi mjini bila kibali, nilisimama mlangoni na kanga yangu nikasema huyu ni binti wa mama yangu mdogo, Muha wa Kasulu. Nikaapa. Ningegundulika ningelala rumande, na msichana alilijua hilo, maana alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza.

Kisha nikaona yeye na mdogo wangu wanatazamana. Nilifurahi kupita wao! Nikaanza kumwita wifi. Nikasema nitakwenda kambini mwenyewe kupeleka posa kwa shangazi yake. Wakacheka wote wawili: tusubiri kidogo, dada. Mwaka ukaisha, tusubiri kidogo. Nikasubiri, mjinga mimi.

Siku moja akaniaga kwamba shangazi anaumwa, anakwenda kambini. Nikamfungia samaki wa migebuka na chupa ya mawese, nikamwambia amsalimie. Kesho yake mvua ikatufukuza sokoni Ujiji, nikarudi nyumbani mchana. Mdogo wangu nikamkuta uani.

"Mbona mapema?" akaniuliza. Hakuna hata pole ya mvua.

"Kwani nyumba ya nani?"

Mlango wa msichana ulikuwa na kufuli. Nikaingia, nikavua viatu vilivyolowa, nikawasha sabufa nisikilize redio. Yule mwanamke wa ndani akasema imeshika. Imeshika nini, na mwenye kompyuta yuko kambini?

Ikatoka sauti ya mwanamume, Kirundi, taratibu, anafundisha. Huko mwendako kuna baridi, anasema. Theluji si mvua, msitoke na kandambili. Basi halisimamishwi popote, na dereva hapigiwi kelele. Uwanja wa ndege msiachie mfuko wenye karatasi zenu hata kwa—

Mdogo wangu akaruka kutoka uani, akaizima.

Nikatoka uani. Kufuli lile lile, linaning'inia nje.

"Fungua!"

Nikagonga kwa ngumi.

"Nakwambia fungua! Nitauvunja, mlango ni wangu!"

Ndani nikasikia mtu anavuta pumzi. Mdogo wangu akaja nyuma yangu, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani naye amegundua leo, au amemficha kwa kumwonea huruma.

Msichana alikuwa amekaa kitandani katikati ya mabegi yaliyofungwa, kompyuta mapajani. Alikuwa akisikiliza kwa sauti ya chini, nami nilipowasha sabufa sauti ikamtoka yeye ikaja kwangu. Aliporudi kuchukua vitu vyake alitegemea niko sokoni.

Nilimchambua. Nilimwambia asante ya punda ni mateke. Nilimwambia, wewe nimekuapia, wewe nimekuita wifi mbele ya kanisa zima, leo unapanda ndege kimya kimya unamwacha huyu kijana na nani? Nikamwonyesha mdogo wangu kwa kidole. Moyo uliniuma kwa ajili yake.

Akaanza kulia. "Dada, nisamehe. Tulitaka tukupigie simu tukishafika."

Tukishafika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niendelee, nikaufunga.

"Tu? Wewe na nani?"

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa anatazama miguu yake.

Akanieleza. Kule kambini, kwenye orodha ya wakimbizi wanaopelekwa kuishi nchi za baridi, aliandikishwa kuwa mume wake, Mrundi. Kiha chake alikilegeza hapa na pale kikawa Kirundi. Safari zake zote alizoniambia ni za kibarua Kasulu zilikuwa safari za kuhojiwa. Mimi nilimfanya Mrundi kuwa Muha ili abaki, wao wakamfanya Muha kuwa Mrundi ili aondoke! Nikacheka, haki ya Mungu, nikacheka peke yangu. Walinizunguka ndani ya nyumba yangu, wakila chakula changu.

Na bado ningesamehe. Kijana kutaka kwenda si dhambi. Ningelia, ningemfungia dagaa, ningemsindikiza. Lakini kuna jambo likanijia.

"Hao waliokuhoji walikuuliza habari za ndugu zako?"

"Waliuliza."

"Ukawaambia dada yako yuko Katubuka anauza mawese?"

"Mwache, dada," msichana akasema. "Tafadhali mwache."

"Sijakuuliza wewe. Ulisemaje?"

Mvua ilikuwa imeanza tena, nasi wawili pale mlangoni hatukuingia ndani.

"Nilisema nilikuwa na dada mmoja, ndiye aliyenilea. Nikasema tulikuwa tunavuka ziwa, mtumbwi ukapinduka."

"Halafu?"

"Wakaniuliza kama alipatikana. Nikasema hapana." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nililia, dada. Nililia kweli. Ndiyo maana wakaniamini."