Lugha Niliyoinunua kwa Aibu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ni siku niliyochekwa kwenye kilio.

Nilikuwa nimeolewa karibuni Kabambare, nimetoka kwetu upande wa Kasongo, tunakosema Kizimba. Nyumba niliyoingia walisema Kibangubangu. Sikuogopa. Nilijiambia kwamba lugha hizi ni ndugu, na pale nitakapokwama Kiswahili kitanivusha.

Basi mjomba wa mume wangu akafa. Wake wa ukoo tukaenda kuwapa pole wafiwa. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti mbele ya mjane, nikasema maneno niliyoyakariri njia nzima, kwamba Mungu awafute machozi. Kumbe Kibangubangu ni lugha ya kupanda na kushuka. Neno ukilipandisha mwishoni ni hili, ukilishusha ni lile, na mdomo haukubadilika hata kidogo. Mimi nikapandisha pasipopandishwa. Nilichosema ni kwamba Mungu awapepete kama mupunga.

Mawifi zangu walicheka, kwanza mikono ikiwa mdomoni, halafu wazi kabisa, hata mjane akaufunika uso wake kwa kitenge. Sikujua kama alikuwa analia au anacheka. Nikatoka.

Tangu hapo nikafunga mdomo. Wakinisemesha kwa lugha yao, najibu kwa Kiswahili. Wakicheka, sijibu kabisa. Mwishowe nikaanza kufunga nguo zangu nirudi kwa mama.

Aliyenikuta nafunga ni Koko Sifa, bibi yake mume wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti nene kama ya mwanaume.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu, Koko. Hapa mimi niko mutu wa kuchekwa tu."

"Walikucheka siku moja, na wewe unahama? Mimi walinicheka mpaka nikazeeka."

Ndipo nikajua kwamba yeye naye alikuja kuolewa, kutoka ng'ambo ya mto Luama, wanakosema Kibangubangu cha namna nyingine. Sikio la mgeni linasikia lugha moja. Wenyewe wanasikia mbili: huku wanavuta sauti, kule wanaikata, na vyombo vingine vya jikoni vina majina yake kila upande. Koko alizeekea katika nyumba ile akisema ya kwao bila haya, na nyumba ikamzoea.

Akawaita mawifi zangu, akawakemea mbele yangu.

"Muliacha kumulilia mufu, mukamucheka muzima! Mutu anayejaribu lugha yenu anawapenda. Mukimufunga mdomo leo, kesho watoto wake hawatawajua." Kisha akanigeukia. "Na wewe, kunyamaza kwako si adabu. Ni kiburi. Fungua ile mizigo."

Nikaifungua.

Alinifundishia shambani, tukipalilia mupunga, na alianza kwa kunikataza kusema. Yeye alilivumisha neno puani, bila herufi, kama mtu anayebembeleza mtoto, nami nililivumisha vile vile. Nikikosea, anarudia. Nikipatia kule kupanda na kushuka, ndipo ananipa neno lenyewe. Nilivumisha nikichota maji, nikavumisha nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mawifi walicheka bado. Nami nikaendelea, maana kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Siku moja wifi mkubwa akaniomba chumvi kwa lugha yao. Nikampa, nikamjibu, akaenda zake. Hakuona la kucheka! Nililia peke yangu jikoni, mwanangu, kwa furaha.

Miaka ikapita, Koko akafa. Mume wangu akaenda Salamabila kutafuta dhahabu. Kule watu wanatoka kila upande, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Aliporudi akaniambia tuwasemeshe watoto Kiswahili tu, na Kifaransa kidogo.

"Kibangubangu inanunua nini?" aliniuliza.

Nikamtazama. Mwenye lugha anaitupa, na mgeni ndiye anayeidaka.

"Baba Feza, wewe uliipata bure, ndiyo sababu inakuwa nyepesi kuitupa. Mimi niliinunua kwa aibu. Kiswahili watakijua, barabara itawafundisha. Hii, kama sisi hatuisemi, nani ataisema?"

Alikasirika. Alikula akinipa mgongo. Sikurudi nyuma. Mimi niliwasemesha watoto Kibangubangu, yeye Kiswahili, mpaka jioni moja binti yetu Feza akamfuata kwenye barza, mbele ya nyumba.

"Baba, ile mvua ndogo ya asubuhi munaiitaga namna gani? Mama hajui."

Baba yake akalitaja jina lile kwa Kibangubangu, na Feza akalirudia. Akamwambia, hapana, shusha mwishoni. Wakarudia tena na tena. Tangu jioni ile sikuhitaji kugombana naye.

Sasa wewe, mtoto wa wifi yangu, umetoka mgodini na pikipiki yako, bibi yako mzaa mama anakusalimu kwa lugha yake, nawe unamjibu kwa Kiswahili ukitazama pembeni. Nimekusikia. Mwanangu, mjibu. Sema na makosa yako, yatakwisha ukiwa njiani. Mtu wa ng'ambo akilisema neno kwa namna yake, usimsute, mwombe na hilo lake, uwe na mawili. Anayejikwaa katika lugha yako mshike mkono. Na wazee ulionao waulize leo majina ya miti, ya samaki na ya mvua, wangali na pumzi, maana kaburi halijibu. Kiswahili kipende, ndicho ninachokuusia nacho. Lakini miguu ni miwili, usikate mmoja ili mwingine upate kiatu. Mwacha asili ni mtumwa.

Mungu akulinde barabarani, akupe nyumba yenye kelele za watoto, na ulimi wako usikose wa kuujibu. Haya, mwanangu. Bibi yako yuko nyuma ya nyumba, anaanika muhogo. Nenda kamsalimu.