Jinsi kuku mwenye mayai alivyonitibu ugonjwa wa "nitafanya kesho"

Wakuu, salaam popote mlipo. Hii ni habari yangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Aliyeko Issuna, kwetu Singida, akisoma atanitambua, potelea mbali.

Mimi ni fundi pikipiki na mkulima wa alizeti. Kazi ya mtu naifanya hapohapo. Shida ni mambo yangu mwenyewe. Mlango wangu nilikuwa naufunga kwa waya, na komeo jipya liko chini ya kitanda mwaka wa pili. Kijiweni waliniita Mzee wa Kesho.

Sasa nilikuwa na mchumba, Anjela, mwaka wa tatu huo, na barua ya posa kwao sijapeleka.

Nikishavuna. Nikishauza alizeti. Nikishapaka nyumba rangi.

Kila msimu na sababu yake, na zote nzuri kwelikweli.

Jioni moja akaja kwangu na tenga. Ndani kuna kuku anaatamia mayai kumi na mbili. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Baba ana barua ya mtu mwingine mezani," akaniambia. "Mimi sijamkubali huyo mtu, ila baba anataka kumjibu. Nimemwomba asubiri mpaka huyu kuku aangue. Vifaranga wakitoka na barua yako haijafika, usinitafute."

Akaondoka.

Wakuu, kwanza nilicheka, halafu nikaogopa. Kuku anaatamia siku ishirini na moja, mtoto yeyote wa Singida anajua. Nikachora mistari ukutani kwa mkaa, nikahesabu, nikaona muda upo mwingi tu. Hapo mjue mgonjwa bado hajapona.

Nikaanza kumhudumia. Asubuhi anashuka mara moja, anakula mtama harakaharaka, anakunywa maji, anarudi kwenye mayai yake. Hakuna siku aliyosema leo nimechoka.

Siku ya nane nikachukua yai moja, nikaingia nalo jikoni kwenye giza, nikalimulika kwa tochi ya simu. Mishipa ya damu hiyo, na kitu kidogo kinachezacheza katikati. Niliona aibu. Yai linasonga mbele, mimi nimekaa.

Mtadhani niliandika barua siku hiyohiyo. Wapi! Nilinunua bahasha tu. Barua nikaipangia siku ya ishirini, niandike kwa utulivu.

Siku ya kumi na tisa asubuhi, naweka maji, nikasikia pii, pii, chini ya kuku. Yai moja limeshatoboka.

Sijawahi kuandika haraka vile. Niliandikia juu ya tangi la pikipiki ya mteja, karatasi ikapata alama ya grisi pembeni. Nikawahi shambani kwa baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, nikamkuta anapiga alizeti kwa fimbo. Nikampa shikamoo huku nahema, nikamweleza. Akanitazama, akaweka fimbo chini, akapanda pikipiki na makapi yake kichwani vilevile.

Mzee wa Anjela akaipokea barua, akainusa ile grisi, akamwambia baba mdogo, "Hii barua tumeisubiri mpaka tumezeeka." Kisha akacheka. Ile nyingine ikarudishwa kwa heshima.

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia kuku. Akanidonoa.

Baadaye nikamuuliza Anjela imekuwaje kuku aangue siku mbili kabla.

"Alianza kuatamia nyumbani," akasema. "Ningekupa siku zote, ungekuja siku ya ishirini na mbili."

Leo ni mke wangu. Komeo lipo mlangoni.

Nilichojifunza ni kwamba deadline ya kichwani mwako utaidanganya tu, maana mnajuana. Tafuta kitu chenye uhai kisichojua kukusubiri, ukihudumie kila siku, na wewe utajikuta umeamka. Kalenda niliishinda miaka yote, kuku nimemshindwa.

Na uzi huu, wakuu, nilikuwa nimepanga kuuandika tangu mwaka jana. Wiki tatu zilizopita mke wangu akaweka kuku mwingine kwenye tenga, akasema, "Huyo ni wa uzi wako."

Naandika hapa huku nasikia pii, pii.

Nanyi mnaahirisha nini? Semeni hapo chini, leo hii.