Mashine ya Baba Inaanzia Wapi

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, nikiwa nimesimama mlangoni pa kibanda cha baba cha kukamulia alizeti, hapa Mkiwa, sare ya shule bado mwilini.

Nilikuja na swali. Kwenye kipindi cha kompyuta mwalimu alitutaka tuchore hali za mashine tunayoijua. Nilichora visanduku viwili, "Imezimwa" na "Inakamua", na mishale ya kutoka kimoja kwenda kingine. Nikasahau nukta nyeusi yenye mshale, ile inayoonyesha mashine inaanzia wapi.

"Umeme ukikatika halafu ukarudi, yako inajikuta kwenye kisanduku kipi?" aliniuliza mbele ya darasa. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Inaanzia kwa mganga," wakacheka.

Sasa umeme ulikuwa umekatika. Baba alikuwa amepiga goti, mkono hadi kiwiko ndani ya mashine, akichokonoa mashudu yaliyoganda. Nikatazama ukutani. Swichi kubwa ya mota ilikuwa juu. Hajaizima. Ndipo jibu likanijia: umeme ukirudi, mashine haitaanzia "Imezimwa". Itaanzia "Inakamua", na mkono wake umo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Shule?"

"Nzuri. Baba... swichi."

"Eeh?"

Sauti yangu huwa haifiki. "Swichi iko juu."

"Umeme wenyewe uko wapi? Labda umeenda Manyoni kusalimia." Akacheka, akazidi kuingiza mkono.

Kumbishia baba sijawahi. Na swichi ile tumekatazwa kuigusa, mimi na wadogo zangu. Nikapita nyuma yake, nikaikamata kwa mikono miwili, nikaishusha. Kishindo kikamshtua.

"Wewe! Nani kakutuma?"

Nikaanza kulia. Alikuwa bado ananigombeza, mkono ungali ndani, taa ya juu ilipowaka. Redio ya jirani ikaanza kuimba. Mashine ikakaa kimya.

Baba akaitazama taa. Akautoa mkono polepole, akaufuta mafuta kwenye suruali, akarudia kuufuta.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia, nikamkuta ameshapiga goti anasafisha. Swichi ilikuwa chini, alikuwa ameishusha mwenyewe. Hata hivyo nilisimama pale ukutani nimeikandamiza kwa mikono yote miwili mpaka alipomaliza, na shuleni nikachelewa.