Salamu za Mikoneni

Leo binti wa redio yetu amenikwamisha kwa swali dogo tu: "Shikamoo babu. Wapenda muziki gani?"

Alikuja na fomu ya maoni ya wasikilizaji hapa kwangu, mtaa wa Kisumu Ndogo. Stesheni yafikiria kuacha taarabu na salamu za mchana, ipige nyimbo mpya mfululizo, bila maneno katikati.

"Na salamu zetu je?"

"Zitaondoka, babu. Siku hizi watu wana simu."

Nikamwambia basi, mimi muziki sisikilizi.

Akacheka. "Babu nawe! Redio waiwashia nini?"

Naiwashia jina.

Kijiji chetu, Mikoneni, kilikuwa upande wa Marereni. Leo pale pana mabwawa ya chumvi, na sisi tulitawanyika zamani. Sijaona ramani yenye jina hilo. Lakini kila Ijumaa mtangazaji husoma salamu zangu: "Mzee Karisa wa Mikoneni amsalimu dadake Kadzo wa Mikoneni, aliyeko Rabai."

Kadzo hana simu. Husikilizia redio ya jirani, na Ijumaa ifuatayo salamu zake hunirudia.

Binti akaipitia fomu yake. Kisha akasema, taratibu, "Fomu haina mahali pa salamu, babu."

Nikamwambia aandike Mikoneni hapo penye aina ya muziki.

Akaandika, akasoma: "Mikononi."

Nikamsahihisha mara tatu, mpaka akalitamka sawasawa.

Jamani, fomu ikiwafikia nyinyi, mtaandika nini?