Siku Tuliyoanika Godoro la Mama

Mama alikuja kutoka Korogwe majani yakiwa yanapukutika. Alitazama mti uliokuwa mbele ya fleti yangu Takoma Park, Marekani, akauliza nani aliyeuwekea sumu. Nikamwambia utachipua tu, subiri. Alinitazama vile anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba samaki wake ni wa leo.

Kisha baridi ikaingia, nami nikaingia kazini nisitoke. Nilikuwa natunza wazee huko Rockville, na kila mwenzangu alipougua mafua, zamu yake niliibeba mimi. Mama alibaki ndani na sweta mbili, soksi ndani ya kandambili, akisubiri mtu abishe hodi. Hakubisha mtu. Si kwamba sikuwa na watu. Niliwajua wengi, ila wote walikuwa wanakimbizana na kazi kama mimi. Rafiki yangu mmoja Mkenya, muuguzi palepale kazini, zamu zetu zilipishana msimu mzima, tukawa tunaachiana ujumbe kwenye mashine za kurekodia simu mpaka nikahisi mashine zenyewe ndizo marafiki, sisi tumebaki wapambe wao. "Baridi ikipungua tutaonana," ndiyo ilikuwa salamu ya kila mtu.

Mama hakuikubali salamu hiyo. "Mtu ni watu," aliniambia. "Ukianguka bafuni hapa, atakayejua ni nani? Mwezi wa nne nikirudi, tunarudi wote." Hakuwa anatania. Alishaanza kuchagua sufuria zangu zipi zitasafiri na zipi zitagawiwa. Nilikosa raha kabisa. Nilipapenda mahali pale pamoja na uchovu wake wote, na tangu nizaliwe sijawahi kumshinda mama kwa maneno.

Jumamosi moja jua likatoka, jua la kweli, si lile la baridi linalong'aa bila kupasha. Mti wenye sumu ulikuwa umeota vichipukizi. Mama akafungua dirisha, akavuta hewa, akasema, "Toa magodoro."

Nilisita. Kwetu godoro likionekana juani, jirani hukosi kumsikia akiuliza kikojozi wa nyumba hiyo ni nani. Lakini huku nani angejua? Tukatoa godoro lake na langu, mito, mablanketi na zulia. Mama akasema haiwezekani kufagia na sofa liko ndani, basi na sofa likatoka, na viti, na meza. Tukavipanga kwenye nyasi mbele ya jengo, kando ya barabara ya basi. Mama akaketi kwenye kigoda kulinda mali, khanga kichwani. Jua lile lilimlegeza, akasinzia ameshika tama.

Sasa kuna jambo mama hakulijua, na mimi nililijua lakini nililisahau kwa furaha ya jua. Katika mji ule, vyombo vya mtu vikiwa nje vyote pamoja na godoro, maana yake ni moja: ametimuliwa kwenye nyumba. Rafiki yangu Mkenya alipita ndani ya basi akielekea kazini, akaliona sofa langu analolijua vizuri, na kando yake mama yangu ameshika tama. Alipofika kazini akashika simu, akawapigia wote. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa ndani napiga deki, naimba.

Nilipotoka, godoro la mama halikuwepo.

"Wamelichukua vijana wawili," mama alisema. "Wana adabu kweli. Wameniuliza kitu, nikawajibu."

Kiingereza chote cha mama kilikuwa "yes" na "thank you," na alikuwa amevitumia vyote viwili.

"Nilidhani wanalisogeza kule kwenye jua zaidi," akasema.

Nikiwa nachungulia barabarani kuwatafuta, akafika mama mmoja Mtanzania wa Riverdale, amekumbatia sufuria ya pilau iliyofungwa kwa taulo. Watu wa kwetu hawamuulizi mtu aibu yake waziwazi. Alinishika mkono tu. "Pole sana, mwanangu."

"Ah, tumeshapoa," nikajibu, nikidhani ananipa pole ya baridi. "Ndiyo mambo ya kila mwaka haya."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka, mama. Na mwakani tena, tukijaliwa."

Akakaa chini kwenye sofa bila kukaribishwa.

Wakazidi kuja, huyu na chapati, yule na maboksi matupu ya kufungia vyombo. Mkongo mmoja mpishi wa kazini kwetu alikuja na gari lake la mizigo, akashusha godoro. "Maisha njo hivi, maman," alimwambia mama kwa huzuni. "Nimekuletea matela. Na kwangu mu nyumba, mu salon, kuko nafasi ya sofa." Mwisho akafika yule Mkenya, ameomba ruhusa kazini, macho mekundu. "Woiye! Mbona hukunicall? Si tungechanga tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua mdomo nieleze, mama akanifinya. Yeye alishaelewa tangu pilau.

"Wamekula?" akaninong'oneza.

"Bado."

"Basi nyamaza kwanza. Watu wakishashiba hawakasiriki."

Wakala palepale kwenye nyasi, juu ya zulia langu. Yale mazungumzo yote tuliyoahirisha msimu mzima yakatoka kwa mkupuo: nani amejifungua, nani kaolewa kimyakimya, nani alianguka kwenye barafu akapigwa picha. Mama alizunguka akiuliza kila mtu ukoo wake, hata Mkongo. Sahani zilipoisha nikasema ukweli.

Kisha Mkenya akasema, "Wacha! Kwani hizi vitu mmeanika tu? Mimi nimelia kwa basi mbele ya watu! Nirudishie machozi yangu!" Wakacheka mpaka Mkongo akalala chali kwenye godoro lake mwenyewe. Kisha wakatubebea kila kitu hadi ndani, na hakuna aliyeondoka mpaka usiku.

Walipokwisha kwenda, nilimkuta mama anarudisha sufuria zangu kabatini, hata zile za kusafiri. Nikauliza kwa woga, "Na safari yetu?"

"Safari yangu," akasema. "Wewe una watu."

Nilitaka kulia, nikajifanya nafuta meza. Nikamwambia kesho nitamrudishia Mkongo godoro lake.

"Usilirudishe," mama akasema. "Mwache alifuate mwenyewe."

Mkongo amelifuata Jumapili nyingi, siku hizi na mkewe na watoto. Kila mara hula, hucheka, huaga, na godoro bado liko kwangu.