Limau Kwenye Kaburi la Mzee Thadeus

Mektrida aliosha nyumba za watu mjini Moshi kwa miaka kumi na miwili, na kazi hiyo ilimwachia kifua kinachopiga mluzi. Siku moja, kwa haraka ya kumaliza, alimwaga blichi juu ya dawa ya choo yenye asidi, na mlango umefungwa. Walimtoa wakimburuta. Daktari hakuzunguka: "Mama, ukivuta tena mvuke ule, usinitafute mimi. Mtafute padri."

Akapanda kurudi kwao Kilema, akatazama alichonacho. Maganda ya ndizi aliyakausha, akayachoma, majivu akayachuja mpaka yakatoa maji ya utelezi yanayokata mafuta kuliko sabuni. Ndizi zilizoiva kupita kiasi alizigeuza siki. Kutu aliitoa kwa malimau. Hakumhubiria mtu habari za mazingira, alisema tu, "Nyumba yako haitanuka hospitali." Wenye nyumba walicheka, wakanusa, wakamwita tena.

Mteja wake mkubwa alikuwa Theodora, Mama Godwin, mjane wa Mzee Thadeus, aliyeishi Dar es Salaam na kupanda mlimani kila Desemba na ukoo mzima. Kijijini walimwita Mektrida kwa sababu Theodora alimwita. Nyumba hiyo ikimtoka, nyingine zingefuata, na kilichobaki kingekuwa mjini: blichi na asidi.

Mwaka huo alimaliza kuisafisha siku mbili kabla Theodora hajafika. Mwingine angepumzika. Yeye alijua kuwa nyongeza humfunga mteja kuliko bei, akaingia kihambani, kati ya migomba na mibuni, alikozikwa Mzee Thadeus. Jiwe la kaburi lilikuwa marumaru nyeupe, limeota ukungu na kujaa kinyesi cha ndege. Akalipaka siki, akakamua malimau sita, akaliacha lilowe mpaka kesho yake, kama afanyavyo sufuria lenye kutu.

Alipolimwagia maji, ukungu ulitoka. Mng'aro nao ulitoka. Limau halidhuru kigae cha sakafuni, lakini jiwe hili lilikuwa limeliwa na uchachu. Limepauka kama jicho lenye mtoto wa jicho. Akasugua kwa majivu. Likazidi.

Theodora alipofika alikwenda kwanza kaburini, kabla hata ya kunywa maji. Akapitisha kidole juu ya jiwe. Nyuma yake alisimama Mektrida, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Mchagga akiletewa jani hilo hakatai msamaha.

"Mama Godwin, nimekosa."

"Na isale umebeba!" Theodora aligeuka. "Mjanja wewe. Umejua nitabanwa. Nani alikutuma huku?"

"Hukunituma."

"Ungeacha hicho kinyesi. Ndege hawajamla mume wangu. Wewe umemla."

Mashemeji walikuwa wanatazama. Theodora akalipokea jani. "Nimekusamehe. Kinyongo sina. Ila maji yako ya maganda yasiingie tena kwangu." Akaagiza boksi lishushwe kutoka garini: chupa za blichi, chupa za asidi. "Vyoo vinne, upya. Wageni wanafika saa kumi."

"Kifua changu unakijua, mama."

"Nakijua. Na jiwe langu ulilijua?"

Mektrida akajaribu kupatana. "Sabuni ya kipande na brashi. Nitasugua mara mbili."

"Dawa."

"Basi kimoja. Kile cha nje, kisicho na mlango."

"Vinne."

Isale lilikuwa limenunua msamaha; kazi halikuinunua. Akafunga kanga puani, akaingia cha kwanza, dirisha wazi, akatoka salama. Cha pili hakikuwa na dirisha. Alifungua kizibo cha chupa tu, kifua kikajibana kama mlango uliopigwa na upepo. Alitoka akitambaa, akakaa chini ya migomba mpaka pumzi ilipokubali kurudi, tena nusu.

Kisha akauweka ufunguo wa nyumba ya Theodora juu ya lile jiwe lililopauka, akateremka.

Njiani alikutana na Anaeli, jirani aliyemwahidi kazi ya Mwaka Mpya. Anaeli, habari za jiwe zikiwa zimeshamfikia, hakungoja salamu. "Dada, kwetu kaburi ni la saruji tu, lakini baba watoto anasema tusubiri kwanza."

"Subirini," Mektrida alisema. Pumzi ya neno la pili hakuwa nayo.